Shibiri Mbili za Gandaru

Watu wa Gandaru hawafungui kitu kwa mlango wake. Hilo ndilo jambo la kwanza Tabibu Lukelo Mbilinyi aliloliandika katika daftari lake, na aliliandika bila kucheka, kwa kuwa alijiwekea sharti la kukaa mahali juma zima kabla ya kucheka. Mtungi ukiwa na kifuniko, wao huutoboa ubavuni. Kufuli ikigoma, hawasumbuki na ufunguo. Hubomoa ukuta wa nyuma, wakaingia, wakatoa walichokifuata, kisha wakauziba ukuta kwa matofali ya rangi nyingine, makusudi, ili apitaye ajue kwamba hapa palikuwa na tatizo na likashughulikiwa. Nyumba isiyo na kiraka huitwa nyumba ya wazembe.

Siku yake ya tatu mjini, mtaro wa sokoni uliziba. Lukelo aliliona tambara lililouziba, jekundu, ncha yake ikichezacheza mdomoni mwa bomba. Mtu angeweza kulivuta kwa vidole viwili. Wakaja mafundi sitini. Wakachimba barabara kutoka sokoni hadi lango la mji, wakang'oa miti, wakahamisha makaburi mawili, na walipomaliza wakapigiwa ngoma. Tambara halikutolewa, maana hakuna aliyekumbuka kulitafuta.

"Na maji?" Lukelo alimwuliza mwenyeji wake.

"Yatapita kwenye shimo jipya," mwenyeji alijibu. "Mpaka nalo lizibe."

Mwenyeji huyo alikuwa fundi saa, jina lake Sumbo, mtu mfupi mwenye masikio makubwa na sauti ya chini, ambaye alimpa Lukelo chumba nyuma ya duka. Walipatana haraka, kwa sababu kazi zao zilifanana. Lukelo, huko kwao nyanda za juu, alikuwa tabibu wa njia ya mkojo. Alitembea na sanduku la bati lenye mrija mwembamba, mwembamba kuliko bua la mtama, wenye jicho na taa kwenye ncha yake. Mrija huo huingia mwilini kwa njia ile ile ambayo mkojo hutokea, ukafika palipoziba, na ndani yake hupita uzi wa kioo unaobeba mwanga mkali wa kuvunjavunja jiwe. Mgonjwa hukaa kitandani siku moja, kisha huenda zake.

Sumbo aliutazama mrija ule kwa muda mrefu. Halafu akaenda kufunga mlango wa duka.

"Nitakuonyesha kitu, tabibu. Usikiandike."

Alichukua saa ya mkono iliyosimama, akaigeuza kifudifudi, akafungua kifuniko chake cha nyuma kwa kijisu, akaingiza kibanio chembamba, akatoa unyuzi wa pamba. Saa ikaanza kutembea. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Kisha Sumbo akaigeuza tena, akaifunika kitambaa, akakipiga kioo cha mbele kwa nyundo mpaka kikasagika. Vipande akavimimina kwenye kopo lililokuwa chini ya meza, kopo ambalo tayari lilikuwa limejaa nusu.

"Unavunja kwa nini? Imeshapona!"

"Mwenyewe akija akaikuta nzima atasema sijaigusa. Atanipeleka barazani." Sumbo akatabasamu. "Natengeneza kwanza, halafu navunja. Wenzangu wanavunja tu. Kioo ni kioo, tabibu, kitawekwa kingine."

Lukelo hakukiandika. Lakini alikikumbuka baadaye, kila siku.

Kwa miili, sheria ya Gandaru ni fupi, na imechongwa kwenye jiwe mbele ya hospitali kuu: *Hakuna kupona pasipo kovu, wala hakuna kovu chini ya shibiri mbili.* Nguo zao zote, za kike na za kiume, hushonwa na dirisha tumboni au ubavuni, ili kovu lionekane. Asiye na kovu ni ama hajawahi kuugua, na hivyo hana neno la maana la kuwaambia watu, ama bado anaumwa, na hivyo haruhusiwi kufungua duka, kuoza binti wala kuhesabiwa katika mkutano wa mtaa.

Wapasuaji wao hufunga kamba kiunoni. Mpasuaji akimkata mtu, huongeza kwenye kamba yake urefu ule ule aliomkata. Kila mwaka kamba hulinganishwa, na mwenye ndefu kuliko wote huongoza Baraza la Tiba. Profesa Gombera alikuwa ameongoza miaka kumi na minne. Kamba yake ilimzunguka kutoka kwapani hadi mapajani, akitembea kama pipa, na watu humpisha njia kwa heshima. Hakuna kamba inayopima waliobaki hai.

Lukelo, kwa kuwa alipenda kuuliza kabla ya kuhukumu, alikwenda kwa Karani wa Makovu, ambaye kazi yake ni kutembea na rula ya mbao na kitabu.

"Kati ya wanaopasuliwa, wangapi hupona?"

"Wote."

"Hakuna anayekufa?"

"Wapo wengi tu." Karani alishangazwa na swali. "Lakini hufa wakiwa wamepona. Tazama mwenyewe: jina, tarehe, kovu, amepona. Tarehe ya mazishi ni kitabu kingine, kipo ofisi nyingine."

Juma la kwanza likaisha, na Lukelo akaona hana kicheko.

*

Jiwe la kibofuni mwa Sumbo lilikuwa la siku nyingi. Alikuwa akisimama chooni robo saa kwa matone matatu, akirudi na utani kwamba anahesabu moja moja asije akaibiwa. Kisha asubuhi moja hakurudi. Mkewe, Bi. Helua, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyekuwa akikaa kwenye meza ya pili dukani na kuyasafisha meno ya magurudumu ya saa kwa brashi ya unyoya, alimkuta ameegemea ukuta, jasho likimtiririka, tumbo la chini limejaa na kukaza kama mpira.

Lukelo alimgusa, akajaribu mpira wa kawaida wa kutolea mkojo. Haukupita. Kitu kigumu kilikuwa kimekaa mlangoni mwa kibofu.

"Shemeji," alisema, "hili ni jiwe. Naweza kulivunja leo. Tukingoja, mkojo utarudi nyuma uharibu figo, na sumu itaingia kwenye damu."

"Livunje."

"Sheria yenu?"

Bi. Helua akajifunga khanga yake vizuri. "Twende tukawaulize. Wasije wakasema hatukuuliza."

Baraza la Tiba lilikuwa limeketi. Lukelo alieleza hali ya mgonjwa kwa sentensi nne, akaonyesha mrija, akaomba ruhusa. Alidhani swali ni moja. Maswali yaliyofuata aliyaandika yote, na kalamu yake ilikandamiza karatasi zaidi na zaidi kadiri ukurasa ulivyoshuka.

Mjumbe wa kwanza, mzee wa sheria, alisimama. "Njia hiyo anayoitaja mgeni ni ya kutokea. Tangu lini mlango wa kutokea ukawa wa kuingilia? Tukiruhusu hili, kesho watu wataingia hospitali kwa mlango wa nyuma!"

Makofi.

"Mimi naomba kufahamu," alisema mwingine, kijana mwenye kamba fupi, "ugonjwa mkubwa kiasi cha kumfanya mtu apige kelele, utatokaje kwenye tundu dogo kiasi hicho? Au ugonjwa nao ni mrija?"

Vicheko. Makofi.

"Mgeni anachungulia!" mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Kumkata mtu ni tiba. Kumchungulia ni utovu wa adabu!"

"Mgonjwa anakufa," Lukelo alisema kwa upole wake wa kawaida.

"Atulie afe kwa utaratibu," alijibu mzee wa sheria, wala hakuwa anatania.

Ndipo Profesa Gombera akasimama, kamba zikilalamika. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya baba. "Wajumbe wenzangu, sina chuki na mgeni. Nauliza moja tu. Mtu huyu akitoka kwake bila alama, mkewe ataonyesha nini kwa majirani? Wanafunzi wetu wasimame pembeni mwa kitanda watazame nini? Na mimi hapa," akajipapasa tumbo, "nitaongeza nini?" Ukumbi ukacheka naye kwa mapenzi. "Napendekeza tuunde kamati. Ijadili kwanza maana ya neno *kuziba*. Tukutane kesho kutwa."

Wakanyoosha mikono. Ilinyooka yote.

Katika ujia wa nje, mjumbe mmoja alimkimbilia Lukelo kwa hatua fupifupi, magoti yamebanana. Alikuwa Mheshimiwa Ndoba, wa kiti cha mbele, ambaye wakati wa mjadala alitoka nje mara sita, na mara ya sita alirudi kwa wakati wa kunyoosha mkono.

"Tabibu. Hicho kijifimbo chako. Kinauma?"

"Kidogo. Ninatia dawa ya ganzi."

"Mh." Ndoba akatazama huku na huku. "Mimi nangoja safari yangu. Sisi wa viti vya mbele tuna ruhusa ya safari, tunatibiwa ng'ambo, kwa vijifimbo vya namna hiyo hiyo."

Lukelo akalitazama kovu refu, jekundu, lililong'aa kwenye dirisha la kanzu yake. "Na hilo?"

"Hili? Nta. Kuna mama mmoja anatutengenezea. La Profesa ndilo zuri zaidi, lina hadi alama za nyuzi." Akashusha sauti. "Sasa usinitazame hivyo, ndugu yangu. Ningekataa kunyoosha mkono ningepata wapi hiyo safari?"

Lukelo alikuwa mtu mzito wa hasira. Alihisi kitu kikimpanda polepole kutoka miguuni, kama maji yanavyopanda kwenye kisima, na hakikushuka tena muda wote aliokaa Gandaru.

Bi. Helua alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia yote.

"Kesho kutwa," alisema. Kisha, "Tabibu, twende nyumbani."

*

Walifanya kazi saa sita mchana, jua likiingia dukani, wakati kamati ikijadili maana ya neno. Meza ya saa iliondolewa vitu, ikatandikwa shuka lililochemshwa. Lukelo alinawa mara tatu. Alimpa Sumbo ganzi, akangoja iingie, akaupitisha mrija kidogo kidogo, akimwambia kila anachofanya kabla ya kukifanya. Kazi ya Bi. Helua ilikuwa kuachia maji safi yapite kwenye mrija, polepole, ili jicho lione. Mkono wake haukutetemeka hata mara moja.

Jiwe lilikuwa hapo. Rangi ya kahawa, lenye chunusi, limekaa mlangoni mwa kibofu kama mtu aliyekalia kiti kisicho chake. Lukelo alilisukuma lirudi ndani penye nafasi, akapitisha uzi wa kioo.

"Shemeji, chungulia."

Bi. Helua aliinama, akafumba jicho moja kama afanyavyo kwenye kazi yake. "Kumbe ni kama ndani ya saa," alisema. "Mtu huyu nimekaa naye miaka ishirini na miwili sikujua kuna humu."

"Usivunje kioo tu," Sumbo alinong'ona kutoka upande wa pili wa meza, na wote watatu wakacheka, na Lukelo ikambidi asimamishe mkono mpaka kicheko kiishe.

Mwanga ulipiga, jiwe likapasuka, vipande vikapasuka tena, vikawa changarawe, vikawa mchanga. Vikubwa alivitoa kwa kijineti kidogo mwishoni mwa waya, akaviweka kwenye kisosi. Yote hayo yalichukua muda wa kupika maharage yaliyolowekwa. Kisha mkojo ukatoka. Ulitoka ndoo karibu nusu, kwa sauti ambayo majirani wangeweza kuisikia, na Sumbo, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, alilia kwa raha ya kukojoa, akishika mkono wa mkewe, akisema, "Usiniangalie, Helua, usiniangalie," na Bi. Helua akimwangalia.

Siku ya pili akawa mezani kwake, anatengeneza saa. Siku ya tatu akaja Karani wa Makovu na rula yake.

"Nimesikia umetibiwa. Kovu liko wapi?"

"Halipo, bwana karani."

"Basi hujapona."

"Nakojoa."

"Kukojoa si ushahidi. Hata mbuzi anakojoa." Karani alipiga magoti, akapima tumbo la Sumbo lililo laini kuanzia kitovuni, akaandika sifuri, akaipigia mstari. "Baraza limekaa. Kamati imemaliza, wamekubaliana kuwa kuziba ni kuziba. Na kuhusu wewe, Profesa ameonyesha huruma. Hawatakushtaki. Wamesema tiba yako imeanzwa kinyumenyume, na sasa itakamilishwa."

"Itakamilishwa vipi?"

"Shibiri mbili. Jiwe halipo tena, kwa hiyo itakuwa rahisi kwao." Akafunga kitabu. "Mpaka hapo duka limefungwa. Mgonjwa hafanyi kazi. Saa za watu zilizomo ndani zitangoja."

Lukelo alikwenda barazani peke yake siku ile, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mahali popote. Aliweka kisosi cha changarawe mezani pa Profesa. Alisema: ugonjwa ni huu, uko hapa, hauko tena ndani ya mtu, mnakwenda kukata nini? Profesa Gombera alikivuta kisosi karibu, akapekuapekua kwa kidole, kwa udadisi wa kweli.

"Vidogo sana," alisema. "Ningelitoa zima lingependeza."

Jioni Lukelo alimsihi Sumbo mwenyewe. "Tuondoke, fundi. Mpaka hauko mbali. Kwetu kuna saa nyingi mbovu."

Sumbo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono imelala mapajani, haina kazi. Kwenye rafu saa thelathini na tano za watu zilikuwa zikitembea nyuma ya muhuri wa baraza.

"Tabibu, binti yangu anaposwa mwezi ujao. Baba asiyepona haozi. Na hizi saa ni za watu, niziache?" Akajaribu tabasamu lake. "Tumeshatengeneza. Sasa wanavunja kioo tu, mwenyewe aone. Nimewafanyia watu hivyo miaka yote. Naweza kufanyiwa."

"Ngozi si kioo. Kioo hakioti usaha."

"Watashona."

Bi. Helua alikuwa amesimama mlangoni. Alishika mwimo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kizito asikiangushe.

Wakamkamilisha Alhamisi, mbele ya wanafunzi arobaini. Profesa alikata kwa mkono wake, kutoka kifuani kushuka, shibiri mbili na vidole vitatu, na hivyo vidole vitatu vilishangiliwa. Alifungua kibofu, akaonyesha wanafunzi kuwa hakina kitu, akakifunga. Siku ya nne jeraha likavimba. Siku ya sita likanuka. Lukelo alilisafisha asubuhi na jioni kwa kila alichokuwa nacho, akajua tangu siku ya saba kwamba anachokisafisha ni mlango tu, nyumba ilikwisha kuungua. Siku ya tisa Sumbo aliomba aletewe saa moja, yoyote, aisikilize. Akafa ikiwa sikioni.

Karani alipima. Akaandika: *Sumbo, fundi saa. Shibiri mbili na vidole vitatu. Amepona.*

*

Mjane wa aliyepona hupewa kitambaa cha heshima, hadharani, mkononi mwa kiongozi wa baraza. Bi. Helua alipanda jukwaani kwa hatua zilizonyooka. Jua lilikuwa kali. Profesa Gombera alimkunjulia kitambaa na uso wa huzuni ya kweli, kwani Lukelo, aliyetaka sana kumwona mnafiki katika kila jambo, alikiri moyoni kwamba mtu yule alikuwa na huzuni ya kweli. Na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

"Mumeo alikuwa jasiri, mama."

Bi. Helua hakupokea. Alikuwa akilitazama dirisha la kanzu ya Profesa. "Lako lilikuuma, bwana mkubwa?"

"Kama la shujaa yeyote."

"Maana limenasa nzi."

Watu wakatazama. Kweli, nta ilikuwa imelainika kwa joto, na katikati ya kovu lile zuri lenye alama za nyuzi, nzi mkubwa alikuwa amekwama, anapiga mabawa. Mtu mmoja akacheka. Wa pili hakucheka. Aliinamisha macho akalitazama tumbo lake mwenyewe, akaliziba dirisha kwa kiganja. Askari wakamshusha Bi. Helua, na kesho yake baraza likapitisha sheria kwamba makovu ya viongozi yatazamwe kwa umbali wa hatua kumi. Hakuna kingine kilichobadilika.

Lukelo alifunga sanduku lake. Bi. Helua akalifungua.

"Nifundishe," alisema.

"Ni kazi ya miaka, shemeji."

"Mimi na meno ya gurudumu la saa tumekaa miaka ishirini na miwili. Anza."

Lukelo akakaa. Alimfundisha kwanza kwa vibofu vya mbuzi vilivyotiwa changarawe, halafu kwa kusimama nyuma yake watu walipoanza kuja. Maana walikuja. Walikuja mchana kweupe, kila mmoja na saa yake mkononi, na duka likawa na wateja kuliko zamani. Saa Bi. Helua alizitengeneza kwa mlango wa nyuma wa saa, wala hakuvunja kioo cha mtu hata kimoja. Waliolalamika aliwaambia, "Nyundo iko pale. Vunja mwenyewe." Kopo la chini ya meza lilibaki pale lilipofika siku Sumbo alipoliacha.

Katika mwezi wa kumi na moja tangu msiba, akaingia Mheshimiwa Ndoba. Aliingia kwa ubavu, magoti yamebanana, uso wa majivu, akaweka saa ya dhahabu mezani.

"Imesimama," alisema.

Bi. Helua aliishika sikioni. "Inatembea, mheshimiwa."

Ndoba akaanza kulia. "Tangu jana asubuhi, mama. Hakitoki hata kitone. Profesa ndiye mwenye kutia sahihi ruhusa za safari, na Profesa mwenyewe yuko ng'ambo, amepatwa na jiwe. Wenzangu wameshanoa. Wananiambia ni heshima."

Lukelo alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma. Alitaka kusema: mrudishe. Alitaka mtu yule arudishwe kwa shibiri zake mbili na vidole vitatu, na wanafunzi arobaini wamtazame. Alilishika neno hilo mdomoni, akashtuka kuona lilivyo tamu.

"Siku ile ya mume wangu," Bi. Helua aliuliza, "ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha."

"Na siku ya kumkamilisha?"

Ndoba akaitazama saa yake ya dhahabu.

Bi. Helua akaanza kuondoa vitu mezani, kimoja kimoja, akavipanga kwenye rafu. Akatandika shuka. "Nitakutoa jiwe. Mkono wangu hautatetemeka, usiogope. Lakini ukitoka utatokea mlango wa mbele, na dirisha lako wazi, na tumbo lako kama Mungu alivyolifanya. Na barazani utakaa kwenye kiti chako cha mbele hivyo hivyo."

"Watanikamilisha, mama!"

"Labda. Basi siku hizo utajua alivyokaa kwenye kile kiti pale, mikono mapajani, akiwangoja ninyi."

"Nina watoto."

"Yeye alikuwa na binti."

Nje barabara ilikuwa ikichimbwa tena; tambara jekundu, wanasema, bado lipo. Mheshimiwa Ndoba alisimama akihema, akautazama mlango, akaitazama meza, na maji yaliyokuwa ndani yake hayakumpa nafasi ya kuunda kamati. Akaingiza kucha chini ya kovu. Lilitoka taratibu, refu, limenyooka, na ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Hakujua aliweke wapi.

Bi. Helua akalisukuma kopo kwa mguu kutoka chini ya meza. Nta ikaangukia juu ya vioo.

"Lala," alisema, akaenda kunawa mikono.